Neno "Nick" na Sahani ya Bi Doris

Watu wakisikia nimestaafu ukalimani huniuliza ni neno gani la Kiingereza lililonitoa jasho kuliko yote. Wanangoja nitaje neno refu la mahakamani, lenye harufu ya Kilatini. Jamani, maneno marefu hayana taabu. Neno refu lina maana moja na linatulia nayo. Neno lililonizeesha mimi ni fupi kuliko jina langu, la mtaani, la zamani, na Waingereza wenyewe hulitumia bila kujua kwamba wamelitumia. Ni "nick".

Nawaandikia ninyi mnaoingia kazini sasa, wengi wenu mkitafsiri kwa simu huku mnakoroga mchuzi. Msininunie, nimewasikia, na mchuzi wenyewe nimeusikia. Mambo ya vyeo sitayagusa, maana mkalimani hana cheo, na ya mshahara mtayaona wenyewe. Nitasema ya chumbani, pale unapokaa katikati ya watu wawili wasioelewana na wote wawili wanakukasirikia wewe.

Nilizaliwa Mwanza, nyuma ya duka la baba la vitenge na mafuta ya taa. Kiswahili nilikipata kwa yaya na wateja kabla Kigujarati hakijanikaa sawasawa mdomoni. Ndiyo maana hapa London kila mteja mpya alishtuka. Anaambiwa mkalimani wa Kiswahili anakuja, anangoja mtu wa kwao, anaingia bibi wa Kihindi wa Harrow, sari chini, koti la mvua juu, chupa ya chai mkononi. Mmoja alimwambia wakili wake, mbele yangu, "Huyu atanisemea nini, bei ya mchele?" Nikamtafsiria wakili neno kwa neno. Yule mteja alicheka mpaka akakohoa, na tokea hapo tukaelewana vizuri.

Siku yangu ya kwanza ilikuwa kituo cha polisi, asubuhi ya mvua. Treni ilichelewa nikaingia nahema, na askari wa mapokezi akaniambia nimefika katika "nick" ya wakati. Sikumwelewa, kumbe alimaanisha dakika ya mwisho kabisa, nikaomba radhi. Akanipeleka kwa kijana wa Kizanzibari aliyekamatwa na baiskeli. Sasa sikilizeni maelezo ya yule askari. Alisema baiskeli ilikuwa ya ku-nick. Kijana naye ali-nickiwa nje ya stesheni, akaletwa hapa nick. Na baiskeli yenyewe, akasema kwa kuridhika, bado iko katika nick nzuri kabisa.

Kamusi niliyobeba, ya shule, ilinipa maana moja tu: pengo dogo kwenye mbao. Nilikaa pale na pengo langu la mbao, kijana ananitazama, askari ananitazama. Ikabidi niulize. Nilieleweshwa polepole, kama mtoto wa chekechea, kwamba ya kwanza ni kuiba, ya pili ni kukamatwa, ya tatu ni kituo chenyewe, na ya nne ni hali ya kitu. Nikauliza, sasa kwa nini msiseme kuiba, kukamatwa, kituo na hali? Askari akafikiri, akasema hajawahi kulitazama hivyo. Nchi ilitawala nusu ya dunia, haijawahi kulitazama hivyo!

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Mutiso, Mkamba kutoka Kenya, mwalimu wa zamani aliyekuwa akiishi Peckham na kutafsiri kabla yetu sote. Nilimlilia siku hiyo kwa simu. Hakunipa pole hata kidogo.

"Sikiza, dada," aliniambia. "Hapo ndani wewe si mtu. Wewe ni bomba. Maji machafu yakiingia, machafu yanatoka. Mtu akitusi, tusi. Akisema mimi, sema mimi. Akisema usitafsiri, unafanya nini?"

"Sitafsiri."

"Unatafsiri! Unatafsiri hata hilo la usitafsiri. Kila kitu kikisemwa chumbani ni cha chumba kizima. Unawaambia hivyo mwanzo, kabla hawajakaa. Ukianza kuchagua ya kupitisha, umekuwa hakimu, na hakuna mtu amekuajiri hakimu."

Niliichukia sheria hiyo. Mama anakunong'oneza kitu cha aibu kwa sababu amesikia Kiswahili chako akadhani amepata dada, na wewe unageuka unakitangaza kwa Kiingereza mbele ya wanaume watano wenye tai. Lakini nimeifuata miaka yote, na ninyi mtaifuata, mpende msipende.

Hospitalini "nick" ilinipata tena. Daktari alitaka kumchana mzee mmoja wa Kitanzania jipu begani, akasema ni nick ndogo tu. Wakati huo nilikuwa na uzoefu wa polisi, kwa hiyo akili yangu ilikimbilia wizi. Nikaomba ufafanuzi, daktari akapumua kwa pua, akaonyesha kwa kucha: mchano mdogo wa ngozi. Nikamwambia mzee kwamba atachanjwa kidogo. Mzee akaruka kitini.

"Anichanje? Kwani huyu ni mganga? Muulize na kuku analeta nani!"

Nikauliza, na kuku pia. Daktari alinitazama mimi kama kwamba kuku ni wangu. Hilo nalo lizoeeni, maana lawama zote za chumbani mwisho hukaa kwenye kiti cha mkalimani.

Nikadhani sasa nimelimaliza neno hili. Thubutu! Kikao cha ugomvi wa majirani, Mwingereza mmoja mzee anasema watoto wa ghorofa ya juu yake, Wakongo, wanakanyaga sakafu kama Old Nick mwenyewe. Nikauliza huyo Nick ni nani, labda mpangaji mwingine. Wakacheka wote. Ni Shetani. Ni jina lake la utani. Nikatafsiri Shetani, kwa sababu ndiyo kazi, na mama wa wale watoto, mlokole wa kukesha na maombi, akasimama akaanza kukemea pepo kwa sauti, ukutani, dirishani, kwenye birika la chai. Kikao kilivunjika. Niulizeni nani aliandikiwa lalamiko.

Mzee Mutiso alikwishafariki wakati huo, Mungu amrehemu, hata wa kumlilia sikuwa naye.

Haya, nimefika kwenye kesi ninayotaka kuisema. Ilikuwa ya mwisho mwisho, miguu imeshaanza kukataa ngazi. Ofisi ya kampuni moja ya kutunza wazee majumbani, kusini mwa London, juu ya saluni, chumba kizima kinanuka dawa ya nywele. Mtuhumiwa alikuwa mhudumu wao, Mama Furaha, mwanamke wa Uvira kule Kongo, aliyekuja nchi hii kuomba hifadhi akaipata, ana watoto watatu anaowalea peke yake. Alikuwa akienda kila siku kumwogesha na kumlisha bibi mmoja wa Kiingereza aitwaye Doris. Bi Doris alikuwa na sahani ya kuokea ya bluu, ya mama yake, kitu pekee cha mama yake kilichobaki. Binti yake Susan alikuja Jumapili kumtembelea, akaikuta haipo. Alipomuuliza mama yake, bibi hakukumbuka. Kumbukumbu zilikuwa zimeanza kumwacha.

Mnielewe uzito wake. Mhudumu akifukuzwa kwa kumwibia mzee, haishii kupoteza kazi ile tu. Hatagusa tena mzee wala mgonjwa nchi nzima. Na Mama Furaha kazi nyingine hakuwa nayo wala hakuijua.

Nilianza kama nilivyofundishwa. Nikasema kwa lugha zote mbili kwamba kila kitakachosemwa chumbani nitakitafsiri. Mama Furaha aliitikia kwa kichwa jinsi watu wanavyoitikia tangazo la kanisani, huku akinitazama kwa furaha kwamba nimesema naye Kiswahili. Nikajua hapohapo kwamba hakusikia hata neno. Meneja, kijana mpole aliyekunja mikono ya shati, akauliza kama aliichukua sahani.

"Njo, nilichukua," akasema, "njo" ya Kikongo ambayo ndiyo "ndiyo" yetu.

"Kwa nini?"

Akatazama mikono yake.

"Kuna mtu alikuruhusu?"

"Bibi alinipa."

"Bi Doris hakumbuki kukupa kitu."

Susan, aliyekuwa amekaa kando ya meneja na kujizuia tangu mwanzo, akasema kwa sauti ya kukatika, "Ame-i-nick, basi. Semeni tu. Ame-i-nick sahani ya bibi yangu mzaa mama."

Lilikuja tena, shetani lile. Na hapa ndipo linapochosha, kwa sababu kwa Mwingereza ku-nick ni kuiba lakini kuiba kudogo, kama kwa mtoto wa shule, kama kalamu ya ofisini. Mtu anaweza kulisema huku anatabasamu. Susan hakutabasamu, na mezani lilikuwa shtaka la wizi. Nikasema "ameiiba". Niliona neno likimwingia Mama Furaha. Hakulia, alinyooka tu kitini.

Halafu akafanya kosa ambalo ni watu wetu tu wanaolifanya. Akanigeukia mimi, akaniwekea mkono gotini, akashusha sauti.

"Mama, hii usigeuze. Nakuambia we tu. Yule bibi alikuwa hakuli. Kile chakula ya kupasha na mashine anakitupa nyuma ya kochi. Mi njo nilikuwa namupikia kwangu, samaki na viazi, namuletea, anakula anamaliza. Siku moja akaona haya, akatia matunda ya nyuma ya nyumba yake ndani ya ile sahani, akaniambia beba. Sasa sahani ya mama ya mutu nitairudisha mutupu? Nilikuwa nangojea nipate samaki muzuri. Lakini siwezi sema hii mbele ya mutoto wake. Mutu akikula kwako haumutangaze. Na huyu mutoto atapata haya, mama yake analishwa na mutu wa kazi. Acha tu wanifukuze."

Kwetu mnalijua hili bila kuelezwa. Chombo cha watu hakirudi kitupu. Na uliyemlisha humtaji, maana ukimtaja umemsimanga, na masimango yanamkwama mtu kooni kuliko njaa yenyewe. Mama Furaha alikuwa tayari kuitwa mwizi kuliko kumsimanga bibi wa watu. Nilimwona mjinga, nilitamani kumpiga kibao, na nilitamani kumkumbatia.

Nikafungua mdomo, nikaanza kwa Kiingereza, kwa sauti ileile ya chini aliyotumia yeye: "Mama, hili usilitafsiri, nakwambia wewe tu."

Meneja akainua kichwa. Nikaendelea. Bibi alikuwa hali kitu. Chakula anakitupa nyuma ya kochi. Kiingereza cha Mama Furaha hakikuwa kingi lakini "food" na "sofa" aliyajua, akanishika sari.

"Mama! Nimekuambia usigeuze!"

"Mama, nimekwambia usitafsiri," nikawaambia wao.

"Bado unaendelea!"

"Bado unaendelea," nikasema, kisha nikaendelea kweli, samaki, viazi, matunda, sahani tupu, binti kuona haya, acha tu wanifukuze, mpaka mwisho. Sauti ilinitetemeka, jambo ambalo Mzee Mutiso asingelikubali.

Chini, saluni, mashine ya kukausha nywele ilikuwa ikiunguruma. Susan alikuwa amejishika mdomo.

"Nyuma ya kochi," akasema. "Kile kinuko. Nilidhani ni paka."

Akatoka nje. Tulimsikia ngazini akilia. Mama Furaha ndiye aliyesimama amfuate, meneja akamwomba akae. Akaketi, akavuta mfuko wa nailoni kutoka chini ya kiti chake, akauweka mezani. Alikuwa ameileta sahani. Ilikuwa imejaa samaki wa kukaanga, imefunikwa kwa karatasi ya foili. Alikuja kufukuzwa kazi, na hata hivyo hakutaka irudi tupu.

Meneja akafunua, akatazama, akaigeuza kidogo pembeni kuona kama imepasuka. "Basi, angalau iko katika nick nzuri," akasema.

Nilikaribia kumrushia chupa ya chai. Nikatafsiri kwamba iko katika hali nzuri.

Hawakumfukuza. Walimpa onyo kwa sababu kampuni inakataza mhudumu kupeleka chakula cha kwake kwa mteja, mambo ya mzio na bima, na Susan aliporudi, macho mekundu, alisema hana malalamiko tena. Alijaribu kumshukuru Mama Furaha, Mama Furaha akatazama sakafu. Kila sentensi ya Susan ilikuwa ikimzidishia aibu, na mimi nilikuwa nazipitisha zote, moja baada ya nyingine, maana ndiyo kazi.

Nje, barabarani, alinigeukia. Nilitegemea asante. Nakiri nilikuwa nimeshatengeneza uso wa kuipokea.

"Umenivua nguo, mama. Umemuvua na yule bibi."

"Nimekuokolea kazi!" Nilimpandishia sauti pale kando ya kituo cha basi, watu wakageuka. "Ulitaka nifanye nini, nikuache uitwe mwizi ukae na adabu yako? Watoto wangekula adabu?"

"Kazi njo umeokoa," akasema taratibu. "Aksanti." Akapanda basi.

Mpaka leo nikikumbuka nakasirika, na sijui namkasirikia nani. Ningefanya vilevile kesho asubuhi. Mteja wangu alikuwa ukingoni na maneno yake mwenyewe ndiyo yaliyomtoa, mimi sikuongeza hata koma. Wanangu, msije mkaniambia eti ningeweza kumwomba ruhusa, eti ningesimamisha kikao nieleze utamaduni. Wale wanaotoa semina za namna hiyo hawajawahi kushikwa sari.

Juzi, miezi kadhaa baada ya kustaafu, nilikwenda Peckham kutafuta dagaa. Harrow yetu ina kila kitu ila dagaa wa maana. Ndani ya duka nikakutana naye uso kwa uso, amevaa sare ya kazi, anachagua samaki kwa kuwafunua mashavu. Tukasalimiana. Alinichukulia kikapu bila kuniuliza, kwa sababu mimi ni mkubwa kwake, na hilo lilinipa moyo wa kuuliza habari za kazi.

"Kazi iko."

"Na Bi Doris?"

"Bado naenda kwake. Susan naye anakuja siku mingi sasa, anamuletea supu ya dukani."

"Basi vizuri. Na wewe, bado unampikia?"

Akamrudisha samaki kwenye barafu. "Wamekataza. Lakini nilipeleka, kwa kuficha, mara mbili, tatu. Hakuli tena ya kwangu. Susan alimuambia yote ile siku, mambo ya kochi, mambo ya kulishwa. Sasa nikifunua anageuza uso. Ananiambia, aksanti, nimeshiba."

"Labda ameshiba kweli. Hiyo supu."

Mama Furaha akanitazama, bila hasira yoyote sasa, kama unavyomtazama mtu aliyekulia nyuma ya duka la baba yake.

"Mi nilivuka mupaka na watoto mgongoni, mama. Mutu mwenye njaa namujua. Hajashiba."